Si kila ufa Bonde la Ufa ni kazi ya magma

Mhariri,

Ardhi ikipasuka popote Bonde la Ufa, vyombo vyetu vya habari hukimbilia kutangaza kwamba Afrika inagawanyika. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018, shimo refu lilipoikata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Pale mvua kubwa ilikuwa imechimba majivu laini ya volkano. Kama chini yake upo mpasuko wa kale, huo ni mjadala mwingine.

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ina mwandiko wake. Julai 2007, matetemeko yaliutikisa mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania; la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi. Rada za setilaiti zilionyesha kwamba ukuta wa magma, yaani daiki, wenye urefu wa kilomita 7 au 8 na unene wa mita 2 hivi, ulikuwa umejipenyeza chini ya ubavu wa kusini. Gelai haukutoa zaha (lava) hata tone. Wengi walidhani magma ikipanda lazima mlima ulipuke. Mara nyingi huishia njiani, ikapoa na kuganda.

Mpasua kuni anajua kwamba ufa hutangulia ncha ya kabari. Daiki nayo husukuma miamba pembeni, na juu ya ncha yake miamba huvutwa huku na huku. Mwamba huhimili kubanwa kuliko kuvutwa, kwa hiyo hukatika kwenye mistari miwili inayokwenda sambamba na daiki. Kipande cha kati huzama, ardhi ya pande zake mbili huinuka. Magma ikitandaa kilalo kati ya matabaka, hali ni tofauti: ardhi huvimba kama mkeka uliopitishiwa mkono chini.

Kwa hiyo mwandishi anayefika kwenye ufa aende na futi kamba na dira. Kwanza atazame kingo mbili: ufa wa kuvutwa una meno yanayooana, ukiufunga kwa mawazo kila jino linaingia pengo lake. Korongo la mvua halioani, maana udongo umeshachukuliwa na maji. Kisha apime upana, tofauti ya kimo kati ya kingo, na uelekeo. Apimie kwenye mwamba, si kwenye majivu: kingo za majivu hubomoka, na ufa wa sentimita 10 huonekana wa mita nzima baada ya mvua moja. Halafu avuke upande wa pili kutafuta mstari wa nyufa unaoukabili wa kwanza, na katikati ardhi iliyozama. Asipouona, asiitaje magma.

Umbali kati ya mistari hiyo hudokeza kina cha ncha ya daiki, kwa sababu mipasuko yake huinama ikielekeana hadi karibu na ncha hiyo. Mistari ikiachana mita 600, na mipasuko ikiinama nyuzi 60 kutoka usawa, ncha iko mita 500 hivi chini. Ikiinama nyuzi 70, kina kinapita mita 800. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu karibu na uso wa ardhi ufa husimama wima na jicho haliwezi kusoma mwinamo wa kule chini. Tarakimu moja ya kina isiyotaja mwinamo isichapishwe.

Mwanajiolojia,
Arusha