Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Mpeni jaji nafasi ya kusita

Mheshimiwa Waziri,

YAH: ADHABU YA LAZIMA YA KUNYONGWA KWA KOSA LA KUUA KWA KUKUSUDIA

Pokea salamu kutoka Mwanza. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama, na katika kesi za mauaji maneno niliyoyasikia mara nyingi kutoka kwa mashahidi ni haya: "Nilimtambua kwa mbalamwezi." Mara nyingine ilikuwa kibatari, mara nyingine tochi ya mvamizi mwenyewe.

Mahakama ya Rufani iliitambua hatari hiyo zamani. Mwaka 1980 ilielekeza kwamba ushahidi wa namna hiyo usiaminiwe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe: shahidi alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimtazama mtu kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Mwongozo huo umewatoa watu kitanzini. Lakini umewatoa kwenye rufaa, wakiwa tayari wamehukumiwa, na umewakuta kwa sababu walikuwa bado wanapumua.

Sheria yetu haijali tofauti hizo. Aliyeua mchana kweupe sokoni na aliyetiwa hatiani kwa ushahidi wa mazingira, au kwa ungamo alilolikana mbele ya jaji, wanapata adhabu moja. Ukiondoa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18, jaji hana cha kuchagua. Wakili akisimama kumwombea mteja wake nafuu anaongea na ukuta, na kila mtu mle ndani anajua hivyo.

Simtetei muuaji. Kanda yetu hii imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, na watoto wenye ualbino. Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipowahukumu kunyongwa watu watatu huko Kahama kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, wengi tulishusha pumzi. Hasira ile ilikuwa ya haki. Ila hasira ya namna hiyo ndiyo pia inayoharakisha upelelezi, na kijiji kikishamtaja mtu, shahidi wa kumwona hakosekani.

Nitaambiwa hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, na kwamba Septemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani hatasaini hati ya kumnyonga mtu. Sawa. Basi uhai wa mtu ambaye pengine hana hatia unategemea moyo wa aliyeko Ikulu, na sheria inabaki imekaa ikimsubiri atakayesaini.

Waingereza waliotuachia Kanuni hii ya Adhabu walimnyonga Timothy Evans mwaka 1950 kwa kumuua binti yake mdogo. Miaka mitatu baadaye ikagundulika kwamba jirani yake wa nyumba ileile, John Christie, alikuwa muuaji wa wanawake wengi. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, akiwa kaburini. Wao waliacha kunyonga kwa mauaji mwaka 1965. Sisi tumeitunza sheria yao kuliko wenyewe.

Mheshimiwa, sikuombi leo ufute adhabu ya kifo, ingawa mimi binafsi ningeifuta. Ombi langu ni dogo zaidi, na si geni mezani kwako. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hii kunavunja haki ya kuishi, ikatupa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Kenya, Mahakama ya Juu ilishaufikia msimamo kama huo Desemba 2017.

Leta bungeni muswada unaomruhusu jaji kutoa kifungo badala ya kifo, na uweke wazi kwamba waliokwisha kuhukumiwa kwa lazima warudishwe mahakamani wasikilizwe upya juu ya adhabu. Waanze wale ambao hatia yao ilisimama juu ya shahidi mmoja wa usiku.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa mahakama,
Mwanza