Shahada ya miaka mitatu inakwamia kwenye ratiba

Mhariri,

Sheria ya 2024 ya jimbo la Indiana, Marekani, ilivitaka vyuo vikuu vya umma viwe na angalau shahada moja ya miaka mitatu kufikia Julai 1, 2025. Sawa, lakini krediti (vipimo vya masomo ya kukamilisha ili kuhitimu) kwa kawaida ni zilezile 120 za shahada ya miaka minne. Mihula sita ni krediti 20 kila muhula badala ya 15, au 15 kila muhula, pamoja na 10 kila likizo ya kiangazi, mara tatu (na ada ya kiangazi nani analipa?).

Mtego uko kwenye masomo yanayotegemeana. Mwanafunzi akifeli Kemia ya kwanza, na chuo huifundisha muhula mmoja tu kwa mwaka, Kemia ya pili inamsubiri mwakani. Masomo hayo yafundishwe kila muhula, kiangazi kikiwemo.

Mdau wa elimu ya juu