Barua ya wazi kwa vijana wabunifu wa mavazi wa Mwanza

Wanangu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu siku ile mliponialika kutazama kazi zenu mliniamkia mmoja baada ya mwingine, nami kwa kelele za muziki sikuwaitikia wote kama inavyopasa. Nimeshona kwa zaidi ya miaka arobaini, sehemu ya miaka hiyo nikifundisha, na sasa siwezi kutunga uzi kwenye sindano bila mjukuu kunisaidia. Lakini nguo bado naiona, na nilichokiona siku ile kimenifanya niandike badala ya kuwaita mmoja mmoja pembeni, kwani jambo lenyewe ni lenu nyote.

Waliotoka vyuoni walikuwa wamebandika kando ya kila vazi karatasi yenye maneno mazito: utambulisho, ukoloni, mwili, mamlaka. Nilipouliza ni mshono upi katika koti lile unaozungumzia ukoloni, mwenye koti alinyamaza, kisha akakiri, nami nikampenda kwa kukiri, kwamba maneno yale aliyaandika usiku wa kuamkia onyesho, koti likiwa limekwisha kupigwa pasi. Wale waliojifunzia kazi kwenye fremu za Makoroboi na Mabatini wakacheka, wakasema nadharia ni mambo ya watu wasioweza kukata shingo ya gauni ikatulia. Ninyi wa kwanza mmeifanya nadharia kuwa lebo inayoshonwa mwisho. Ninyi wa pili mmeitupa kwa kuwa mmeiona ikiwa lebo tu. Mimi ninayewaandikia sikusoma chuo kikuu, ila nimesoma vitabu, na kazi imenifundisha kwamba mahali pa nadharia ni mezani, kitambaa kikiwa kimetandazwa, chaki ikiwa mkononi na mkasi ukiwa bado umefungwa.

Niwaeleze kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, aliniletea doti ya kanga nimshonee gauni la sendofu. Jina la kanga lilikuwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Niliitandaza mezani nikawaza kama fundi: pindo lizunguke chini ya gauni, mji, yaani sehemu ya katikati, ukae kifuani, jina lije mbele juu ya pindo ili lionekane. Nilipima kifua, kiuno, nyonga na urefu, nikapima tena. Lakini kipande cha mbele kilikuwa chembamba kuliko maandishi kwa kama vidole vinne, na mshono wa ubavuni ukameza herufi tatu za mwanzo. Gauni lilimkaa vizuri mno. Akaingia nalo ukumbini, akapita mbele ya meza ya wakwe, na wakwe wakasoma: SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Mnajua nyota kwetu ni bahati ya mtu. Upande wa bwana harusi ulielewa kwamba unasemwa, kwamba kijana wao amekuja kupanda bahati ya binti wa watu. Wazee waliyamaliza usiku uleule, lakini kabla wiki haijaisha yule mama alirudi, akaliweka gauni juu ya cherehani yangu, akaondoka bila kusema neno.

Nilikuwa nimempima mvaaji, sikuwa nimempima msomaji. Stuart Hall, mtu wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, aliandika mwaka 1973 kuhusu televisheni kwamba ujumbe anaoufunga mtumaji si lazima uwe ndio anaoufungua mpokeaji: yuko atakayeupokea ulivyo, yuko atakayekubali nusu, na yuko atakayeukataa akausoma kwa njia yake. Nilipokutana na wazo hilo nilicheka peke yangu, maana mwanamke yeyote aliyepita mbele ya jirani yake na kanga ya mafumbo analijua tangu utotoni, na aliyeinunua anaweza hata kuapa kwamba yeye alipenda rangi tu. Hata hivyo Hall alinipa kitu ambacho ujuzi wangu haukuwa nacho, yaani utaratibu. Tangu hapo, kabla ya kukata kanga, naandika kwenye daftari la vipimo mistari miwili ya ziada: nguo hii itavaliwa mbele ya nani, na atakayeisoma vibaya ataisoma vipi. Hiyo ndiyo nadharia iliyoingia kwenye kazi, na haijawahi kuhitaji karatasi ya kubandika ukutani.

Wa pili ninayetaka mumjue ni Mfaransa Roland Barthes, ambaye mwaka 1967 alitoa uchunguzi wake wa magazeti ya mitindo. Alitenganisha mavazi matatu ambayo sisi huyachanganya: vazi lililoshonwa, lenye mishono na bitana, vazi la kwenye picha, na vazi lililoelezwa kwa maneno. Alichoshughulika nacho zaidi ni hilo la maneno, na wala hakuwa fundi. Lakini fikirini mteja anavyoingia kwenye fremu yenu leo. Anatoa simu, anawaonyesha picha, anasema, "Nataka huu." Anaowaonyesha ni mshono wa picha. Mwanamke wa kwenye picha amesimama, tumbo amelivuta ndani, labda nyuma yake kuna Jiwe la Bismarck na jua linazama. Kitambaa cha ziada kimebanwa mgongoni kwa pini ambazo kamera haizioni. Mteja wenu anakaa Buhongwa. Atapanda bodaboda, atakaa upande au atapanua miguu, atashuka, atakaa ibadani saa tatu, atambeba mtoto, atakula. Gauni la picha halijui kukaa. Kabla ya kukata, mwambieni akae kwenye kigoda mpimeni nyonga akiwa amekaa, kisha mwambieni anyanyue mkono kama anayeshika bomba la daladala. Na ninyi mnaoweka kazi zenu mtandaoni, jiulizeni kwa uaminifu mnashona lipi kati ya hayo matatu, kwa sababu nimeona magauni katika onyesho lenu ambayo zipu yake ingeachia kabla mvaaji hajafika Igoma.

Lakini nadharia nayo si Msahafu wala Biblia. Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1904 kwamba mitindo huishi kwa tamaa mbili zinazovutana, kufanana na wenzako na kujitofautisha nao. Sijaona maelezo bora ya sare zetu za sendofu: kitenge kimoja kwa wanawake arobaini, na wote arobaini wanawasumbua mafundi arobaini ili mshono wa kila mmoja usifanane na wa mwenzake. Simmel hapo amepatia kabisa. Lakini aliona pia kwamba mtindo huanzia kwa tabaka la juu, la chini likauiga, na la juu likaukimbia kutafuta mwingine. Nendeni Mlango Mmoja asubuhi belo la mitumba linapofunguliwa. Koti lililotupwa na mtu wa Ulaya linachaguliwa na kijana wa Igogo, analipunguza mabega kwa fundi, analivaa kwa namna yake, na baada ya miezi mtoto wa mwenye hoteli naye analitafuta. Mtindo hapo umepanda kutoka chini. Mkikutana na wazo la mwanafikra wa mbali, lifanyieni mnavyoifanyia nguo ya mtumba: ivaeni kwanza, tazameni inapobana, fumueni, rekebisheni.

Sasa nije kwenye neno lililoniuma zaidi, neno "halisi". Nililisoma mara nyingi kwenye karatasi zenu: vazi halisi la Kiafrika, nalo limeshonwa kwa kitenge. Kitenge cha nta kilianza kwa Waholanzi kuiga kwa mashine batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya Helmond ilianzishwa mwaka 1846, na soko lake kubwa likaja kuwa Afrika Magharibi. Leso, jina la kanga huko Mombasa, limetokana na neno la Kireno. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, imebeba hata jina la nchi ilikotoka. Sisemi kwamba kitenge si chetu. Ni chetu kwa sababu tumezaliwa tukapokelewa ndani yake, tumebebwa nacho mgongoni na tumezika nacho. Ninachosema ni kwamba umiliki huo una historia, na mbunifu anayeandika "halisi" anaifuta historia hiyo kwa neno moja. Tena nawasihi muogope neno hilo kwa sababu nyingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari mosi 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, yote kwa jina la utamaduni wa taifa. Nilikuwa msichana. Nakumbuka mama yangu akifumua pindo la sketi yangu usiku, kwa taa ya chemli, ili ishuke vidole vitatu. Na katika miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wakilazimishwa kuacha shuka wavae suruali, kwa jina la maendeleo. Msichana alikosa kwa kuvaa cha kisasa, Mmasai akakosa kwa kuvaa cha asili, na aliyeamua ni mwingine. Kwa hiyo mnapobuni "vazi la heshima" au "vazi la taifa", ulizeni ni mwili wa nani unaopimwa, na futi imeshikwa na nani.

Kinyume chake pia kipo. Utumwa ulipokomeshwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa merikani na kaniki za kitumwa walichukua kanga za rangi, wakajifunika na kujitangaza humo kuwa ni watu huru. Hawakungoja mtu awaandikie maelezo ya kubandika.

Mmoja wenu ameweka alama za vikundi vya ngoma za Kisukuma kwenye jaketi, na jaketi lenyewe limeshonwa kwa mkono mzuri sana. Nilimuuliza, "Hizi ni za Bagika au za Bagalu?" Hakujua. Mwanangu, hao ni washindani wa tangu enzi za mababu, na hadi leo wakikutana Bujora, hapo Kisesa, kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, kila upande unatafuta kuvuta watazamaji na kuuangusha mwingine. Umewashonea pamoja kwenye mgongo mmoja, kama mtu aliyechanganya rangi za Simba na Yanga kisha akasema ni pambo. Yawezekana kuwachanganya kukawa ndiyo maana ya jaketi lako, na lingekuwa jaketi la kuzungumziwa. Lakini ingebidi ujue kwamba umewachanganya. Kisesa si mbali. Panda daladala, kaa na wazee wa ngoma, waulize kipi huvaliwa na nani na kipi hakiuzwi, na ukishauza jaketi, rudi na kitu mkononi. Wengi wenu mliwalaumu Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, walipopitisha jukwaani mashuka ya Kimasai katika mavazi ya kiume ya mwaka 2012. Mlikuwa na haki. Lakini shuka lile lenyewe lilifika umasaini kwa biashara, likitoka viwandani, kwa hiyo hoja yenu haiwezi kuwa usafi wa asili. Hoja ni nani aliyeulizwa na nani aliyelipwa. Hoja hiyo inawahusu na ninyi mnaokata mashuka hayohayo kuwa kaptula za watalii.

Habari ya pamba nitaipitia haraka, kwa kuwa mmeisikia kwa wazazi wenu. Mnaishi katikati ya pamba. Hata majina ya mbegu, yale ya UK, ni kifupi cha Ukiriguru, kituo cha utafiti hapo Misungwi. Kiwanda cha nguo cha Mwatex tulikiona kikifanya kazi na tukakiona kikinyamaza. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado huondoka ikiwa robota, haijasokotwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za soko lake, na kufikia mwaka 2018 Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo wake, nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Anayetaka kuandika "ukoloni" kando ya koti aanzie hapo, kwenye bei ya robota na bei ya belo, kisha achague kitambaa chake akijua kimepita wapi.

Ng'ambo ya ziwa, Waganda bado wanagonga magome ya mtuba kuwa nguo, na UNESCO imeuweka ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi. Wahaya nao waliujua. Sijamwona hata mmoja wenu akiushika, na mimi mwenyewe nimeugusa mara mbili tu maishani: nguo yenyewe ni nzito, ina joto, inakubali kupinda lakini haipendi sindano nyembamba. Atakayejaribu aje nimwambie nilivyoharibu.

Lile gauni la sendofu ninalo. Nililifumua ubavuni miaka mingi baadaye, na herufi tatu zimo ndani ya mshono, rangi yake ingali mpya kwa kuwa hazikuwahi kuona jua. Jumamosi nitakuwa nyumbani, hapa Kirumba, kuanzia saa nne asubuhi, na gauni litakuwa mezani. Njooni na kitambaa ambacho hamjakikata, na mwenye jaketi la Bujora aje nalo na kifumulio.

Ni mimi,
fundi mstaafu na mwalimu wenu, Kirumba, Mwanza