Anti, mtu wa hivyo ni mtu wa vipi?

Anti, shikamoo. Kama tunalingana umri basi nisamehe, pokea habari za kazi. Saa hizi ni saa tisa usiku, nimegeuka kitandani mpaka nimechoka kugeuka, nimeona bora niandike. Saa kumi na moja natakiwa niwe nimeshuka Mwaloni, soko letu la dagaa, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilie.

Jambo lenyewe ni dogo. Najua wenzangu wanakuandikia wameachwa, wamedhulumiwa viwanja, mimi nakuandikia habari ya luku, umeme wetu huu wa kununua kwa namba. Usinicheke kwanza.

Jumamosi jirani yangu wa chumba cha katikati alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili akasema, "Kumbe wewe ni mtu wa hivyo." Basi. Hakuongeza neno. Akachukua ndoo yake akaingia ndani. Tangu siku hiyo hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa ningu. Angenitukana ningejua pa kushika. Mtu wa hivyo ni mtu wa vipi?

Unazijua nyumba zetu hizi za mlimani Kirumba, nyumba imekaa juu ya jiwe na jiwe jingine limeinamia choo. Tuko vyumba vinne, mita moja. Rimoti ya luku, kile kidude cha kubonyezea namba, imepigiliwa ukutani pembeni ya mlango wangu, na aliyeipigilia pale ndiye aliyeniponza, maana uniti zikikaribia kuisha inalia pii, pii, pii, na wa kwanza kuisikia ni mimi. Hao wengine masikio wanayo mchana. Usiku ikilia kimya kinatanda nyumba nzima, hata redio inapunguzwa. Nikitoka na simu kuingiza namba, ndipo mmoja anakohoa chumbani kwake, eti na yeye yuko macho.

Tulikubaliana kila chumba elfu tano kwa mwezi, mwenye friji aongeze kumi. Friji ni ya huyu wa katikati, anagandisha barafu za ukwaju na ubuyu, anauzia watoto wa shule. Analipa, sikatai. Ila mara nyingine analipa kwa barafu. Watoto wangu wamekula elfu tano zangu nyingi sana kwa njia ya ukwaju.

Halafu kuna ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, 1,500 kila mwezi. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua, lakini inamkata yule anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Nadhani nisikuambie wa kwanza huwa nani. Nilipokuwa Igoma na mita yangu mwenyewe, matumizi hayafiki uniti 75 kwa mwezi, nilikuwa kwenye bei ya chini, elfu tano inanipa uniti 40 na kitu. Hapa na friji lile tulishatoka huko zamani, elfu tano ni uniti 14, na ikiwa tarehe mosi, baada ya makato, naambulia 9 na vipointi. Tisa, Anti, vyumba vinne na friji. Nimemwambia mwenye nyumba, akasema tuelewane wenyewe kama watu wazima.

Sasa usiniambie ni mchoyo. Mimi chumvi yangu inaazimwa na pakiti inarudi tupu, sufuria linarudi na ukoko wa ugali, kamba ya kuanikia niliinunua mimi na nguo zangu ndizo zinazosukumwa pembeni zikaninginie juu ya banda la kuku. Maji yakitoka usiku wa manane naamka nakinga, nagonga milango, jamani maji. Sijawahi kusema kitu. Huyo huyo wa katikati Alhamisi nilimpa sado nzima ya dagaa, wale weupe, wakavu, siyo wale wa kuku. Bure. Leo mimi ndiye mtu wa hivyo.

Wiki yenyewe ilikuwa mbaya. Sasa hivi ni giza, ndiyo wakati wa dagaa, mume wangu yuko kambini visiwani na harudi mpaka mwezi uwe mkubwa, taa zisipofaa kitu. Ijumaa mzigo wangu ulinyeshewa mtumbwini, magunia mawili. Dagaa wakishalowa hivyo unajua mnunuzi wake ni nani, wenye chakula cha kuku, na bei anapanga yeye huku amegeuza uso kwa harufu. Nikapanda mlima jioni miguu inatetemeka, sina hata nguvu ya kupika. Saa tatu ikaanza, pii, pii.

Saa nne ukazimika. Ule ukimya wa friji kusimama naujua, maana ukuta wetu ni mmoja, likisimama linatikisika kama mtu aliyeshtuka usingizini. Nikamsikia anasema, "Luku hiyo?" Siyo kwa kunyanyua sauti, vile tu mtu anavyosema akitumaini atajibiwa. Nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka. Na haikuwa zamu yangu. Hakuna zamu, ni kweli, lakini zamu zingekuwepo isingekuwa yangu.

Asubuhi nikaondoka na giza langu. Umeme ulirudi saa sita mchana, kijana wa bajaji wa chumba cha mwisho alipokuja kula akanunua wa elfu mbili. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, kutoka saa nne usiku. Barafu zote zilikuwa maji mekundu kwenye vifuko. Na mle ndani kulikuwa na sato watatu, wakubwa, aliwanunua kwa ajili ya mama mkwe wake anayekuja kutoka Sengerema. Friji lenyewe zee, mlango umefungwa kwa mpira. Joto la hapa unalijua.

Zamani angekuwa na nafasi ya kujipanga, mkwe angekaa foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka jua lichwee. Siku hizi kuna daraja, mtu anakunywa uji Sengerema na kabla ya saa nne ameshakaa kwenye kigoda chako anaangalia unavyofagia. Sato wakamwagwa. Mkwe akalishwa dagaa. Dagaa wangu, Anti, wale wa Alhamisi. Mama wa watu hakulalamika, alikula na ugali wa udaga akashukuru, lakini unajua mkwe anaposhukuru kwa utaratibu.

Niliporudi saa nane nilimkuta uani anamwaga barafu. Nikamwambia pole. Ndipo akanitazama akaniambia hilo neno.

Mume wangu nilimpigia, akasema mambo yenu wanawake hayo, nunua mita yako. Kwa nyumba ya mtu? Mdogo wangu anasema nihame. Nimeshaulizia chumba Kitangiri na kingine Nyamanoro, na ukweli nataka kuhama, nimechoka na watu hawa, nataka mita yangu, rimoti yangu ilie peke yangu niisikie peke yangu. Lakini kuhama sihami, nitahama niende wapi? Nilipougua malaria mwaka juzi huyu wa katikati ndiye aliyenishusha. Gari kwetu halifiki, bajaji inaishia barabarani, kutoka pale mgonjwa anateremshwa kwenye mawe kwa mgongo. Alinibeba usiku, mvua inanyesha, na mimi si mwepesi. Alifika chini kandambili moja imepotea, akanipeleka mpaka hospitali ya Bugando na mguu mmoja peku. Hajawahi kunikumbushia. Mimi ningekuwa nimeshamkumbushia mara kumi.

Hicho ndicho kinachoniuma kwenye "mtu wa hivyo". Angeyasema yule wa chumba cha mbele anayeficha ufagio wala nisingegeuka.

Sasa kuna kitu sijakiandika vizuri hapo juu. Nilisema nilimwambia pole. Kweli nilisema. Ila kabla ya pole niliuliza, "Kwani luku iliisha?" Nikashangaa kabisa, nikashika na kiuno.

Na kingine. Ile saa tatu ilipoanza kulia nilinunua. Elfu tano. Ujumbe ukaingia, namba zote 20 ziko kwenye simu. Nikasema leo siziingizi mpaka mmoja agonge mlango aseme jirani tunafanyaje. Nilitaka kugongewa tu. Agonge mtu mmoja, hata kijana wa bajaji. Nikalala na simu kifuani nasubiri. Aliposema "Luku hiyo?" nikasema moyoni, huko siyo kugonga, huko ni kuongea na ukuta. Usingizi ukanichukua. Asubuhi nikashuka Mwaloni na umeme wao mfukoni, na sikusahau, nisikudanganye, nilipita pale kwenye rimoti.

Binti yake wa darasa la tatu huwa anachezea gemu kwenye simu yangu. Jumamosi niliporudi alinipokea mkoba, akachukua simu kama kawaida, mimi nikaenda kuoga kutoa harufu ya dagaa. Nilipotoka ndipo nikaenda uani nikauliza lile swali langu. Huyo mtoto anasoma vizuri kuliko kaka yake wa la tano. Kwa hiyo sijui, aliona? Alimwambia mama yake? Au mama alisema vile kwa uchungu wa sato tu? Kama anajua, kwa nini haniambii? Na kama hajui, mbona ameniangalia vile?

Namba bado ninazo. Siku ya tano leo. Nikiziingiza naona kama nathibitisha, nikiziacha ni elfu tano yangu inalala bure, na biashara yenyewe ndiyo hiyo nimekueleza. Juzi nilisimama pale korido, nikabonyeza tarakimu nane, nikasikia mlango wake, nikafuta nikajifanya naua mende.

Halafu Jumapili akanitumia michembe, viazi vitamu vya kukausha. Mkwe alileta, na yeye akamtuma yule yule mtoto aniletee sahani imejaa, imefunikwa na kawa. Mtu ameshaniita mtu wa hivyo halafu ananipa michembe, hii ni nini? Mkwe mwenyewe asubuhi ananisalimia mwangaluka mayu, anacheka, kama hajui lolote. Michembe tumekula. Sahani ipo mezani kwangu, na sahani hairudi tupu, hilo sihitaji kukuambia. Nimefikiria kuirudisha na sato watatu, lakini nikirudisha watatu kamili si ndiyo nimekiri? Wawili je? Au nimpe hela ya barafu nimwambie nachangia tu kama jirani?

Kuomba msamaha siombi, maana waliokaa kimya usiku ule ni vyumba vyote na mimi peke yangu ndiye ninayelipa kila siku. Ila nataka anisemeshe kama zamani. Jioni tulikuwa tunachambua mchele pamoja pale kwenye jiwe, tunatazama taa za wavuvi ziwani, ananiuliza ya mume wako ni ipi hapo, namwonyesha yoyote. Tangu Jumamosi anachambulia ndani.

Niambie nifanye nini na hizo namba. Na kama ukijibu gazetini usiandike Kirumba, andika tu msomaji wa Mwanza, huyu anakusoma kila wiki, gazeti ananiazima mimi. La sato libadilishe, sema nyama. Na hilo la sahani ya michembe litoe kabisa, atajua.