Projekta ya leza: kabla ya bei, tuambie madirisha ya ukumbi

Simu nyingi zinazotufikia huanza na swali moja tu: leza mnakodisha kwa shilingi ngapi? Bei tutakutajia, lakini na sisi tutakuuliza: shughuli ni saa ngapi, na ukumbi una mapazia?

Hapa Mtwara shughuli za mchana hufanyika madirisha yakiwa wazi, upepo wa bahari upite. Chukua mkutano mkuu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), saa nne asubuhi, jua limejaa ukumbini, na jedwali la malipo ya korosho liko ukutani kwa tarakimu ndogondogo. Projekta hairushi rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni pale ambapo haikumulika, basi. Jua likipapiga hapo, nyeusi inakuwa kijivu na tarakimu zinafifia, hata mashine iwe ya bei mbaya. Jipimie mwenyewe: itazame skrini kabla projekta haijawashwa. Ule weupe unaouona ndio utakaokuwa weusi wa picha yako.

Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Lumeni 5,000 kwenye skrini yenye upana wa mita 2 zinatosha hata taa za ukumbi zikiwaka. Lakini mwenye shughuli akitaka upana wa mita 4, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu ya picha inapata robo tu ya mwanga ule. Kwa hiyo mchana tunamshauri mteja apunguze ukubwa. Wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa kamati za mahafali.

Harusi za usiku zina jambo lake. Projekta nyingi za bei nafuu zina chipu moja ya kutengeneza picha na gurudumu la rangi lenye kipande kisicho na rangi, kinachoongeza mwanga mweupe. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi ni za mwanga huo mweupe, si za rangi. Gauni la bibi harusi litang'aa, lakini vitenge vya sare vitaonekana vimepauka. Ndiyo maana kwenye harusi tunatumia mashine za paneli tatu, moja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu.

Na leza yenyewe? Katika mashine nyingi ni leza ya buluu. Sehemu ya mwanga wake hupiga gurudumu lililopakwa fosfori (dawa inayong'aa ikipigwa na mwanga), ukatoka mwanga wa njano, na humo ndimo nyekundu na kijani hupatikana. Watengenezaji wengi huipa saa 20,000 kabla mwanga haujashuka hadi nusu. Balbu za kawaida mara nyingi ni kati ya saa 2,000 na 5,000. Kwa anayekodi jioni moja, hesabu hiyo ni yetu sisi wenye mashine. Faida yako iko kwenye umeme. Ukikatika na kurudi, balbu bado ni ya moto na haikubali kuwaka mpaka ipoe, wageni wakikodolea ukuta mtupu. Leza hurudisha picha muda mfupi tu baada ya umeme kurudi. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) tunakuja nayo hata hivyo.

Kuhusu 4K, yaani picha yenye pikseli (nukta za picha) nyingi zaidi, kwa jedwali na hotuba usilipie. Pikseli 1920 kwa 1200 zinatosha kabisa. Afadhali hela hiyo uiweke kwenye mashine ambayo lenzi yake inasogezwa juu, chini na pembeni. Projekta ikikaa upande, picha hupinda, na ukiinyoosha kwa menyu ya projekta pikseli kadhaa zinatupwa na herufi zinapoteza ukali. Ukisogeza lenzi, picha inahama ikiwa kamili.

Ukitaka kukodi, tutumie picha ya ukumbi iliyopigwa saa ileile ya shughuli, nguzo na feni zionekane, pamoja na umbali kutoka ukutani hadi meza ya mitambo. Shughuli za Masasi, Newala na Lindi mjini tunafika siku moja kabla. Usafiri unalipiwa kando.