Rezista isiachwe bila maelezo katika vikasha vya watoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walimu na wauzaji wa vikasha vya kujifunzia elektroniki, vile ambavyo watoto wetu hununuliwa wakati wa likizo.

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alinijia na kikasha chake akiwa karibu kulia. Kwa kufuata karatasi ya maelekezo, alikuwa ameunganisha taa tatu za LED kwa mpangilio sambamba, yaani kila moja ikiwa na njia yake ya umeme pembeni mwa nyingine, moja nyekundu, moja buluu na moja nyeupe, zote zikitegemea rezista moja, kile kifaa kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme, na betri ya volti 9. Nyekundu iliwaka vizuri, lakini zile mbili hazikuonyesha hata dalili, naye akaamini kwamba ameuziwa taa mbovu. Taa zilikuwa nzima. LED nyekundu huwaka kwa takriban volti 2, ilhali buluu na nyeupe huhitaji takriban volti 3, kwa hiyo zikiwekwa sambamba nyekundu hupitisha umeme kwanza na kuizuia volteji isipande hadi pale wenzake wanapowakia. Tulizitenganisha, tukaipa kila taa rezista yake, na zote zikawaka palepale.

Kinachonisikitisha ni kwamba karatasi ile haikueleza popote kazi ya rezista. LED haifanani na balbu ya tochi, ambayo uzi wake ukipata moto huongeza ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, na kujizuia wenyewe. LED ikishafikia volteji yake, nyongeza ndogo tu huufanya mkondo upande ghafla hadi taa iungue. Rezista ndiyo inayoushika mkondo huo, na kiasi chake hakikisiwi. Unatoa volti za taa kwenye volti za betri, kisha unagawanya kwa mkondo unaoutaka. Kwa LED nyekundu, 9 ukitoa 2 zinabaki volti 7, na ukitaka mkondo wa miliampea 15, yaani ampea 0.015, unagawanya 7 kwa 0.015, unapata kama omu 467, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Dukani utapewa ya omu 470, yenye mistari ya njano, zambarau na kahawia inayoonyesha kiasi chake. Hiyo ni kanuni ya Ohm, ya tangu mwaka 1827, na watoto wanaisoma sekondari bila kuambiwa kwamba ndiyo iliyomo ndani ya kikasha.

Wapo watakaosema kwamba waliwahi kuwasha LED bila rezista kwa betri ya duara ya volti 3, ile inayofanana na sarafu, na haikuungua. Ni kweli, kwa sababu betri hiyo ina ukinzani mkubwa ndani yake na haiwezi kutoa mkondo mwingi. Hatari huja mtoto anapohamia kwenye chaja ya simu au betri kubwa akidhani mambo ni yaleyale.

Nawaomba wauzaji waweke rezista moja kwa kila taa, pamoja na karatasi ya Kiswahili yenye hesabu hiyo na maelezo kwamba mguu mrefu wa LED huelekea upande wa chanya. Nawaomba pia walimu wawaache watoto wapige hesabu kwenye daftari kabla ya kugusa betri, kisha wachague rezista wenyewe kwa kusoma rangi zake.

Fundi redio,
Morogoro.