Barua ya Wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): Nani Anaisoma Shahada Nzima?

Mheshimiwa,

YAH: USIMAMIZI WA MITAALA YA SHAHADA YA KWANZA

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mhadhiri niliyekaa miaka kadhaa katika kamati ya mitaala, na ambaye saini yake imo katika maamuzi anayoyalalamikia.

Kamati yetu hupitisha kozi mojamoja. Idara huleta fomu, nasi tunarekebisha jina la kozi, tunabishana kuhusu krediti, yaani uzito wa kozi katika shahada, kisha jalada linapanda hadi kitivoni na hatimaye kwenye Seneti. Katika safari yote hiyo hakuna anayetakiwa kuzipanga kozi kwa mfuatano atakaozisoma mwanafunzi, tangu anaposajiliwa hadi anapowasilisha tasnifu, ili kuona kama zinajengana.

Hivi karibuni nilitandaza mezani mihtasari ya kozi tatu za programu moja zinazogusa takwimu. Zote zinaanzia kwenye wastani na modi, na hakuna hata moja inayofika kwenye regresheni, yaani njia ya kukadiria jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine, ingawa makala ambazo wanafunzi hao watatakiwa kuzisoma katika mwaka wa mwisho zimejaa majedwali yake. Siwalaumu walimu wake. Kila mmoja huanza sifuri kwa sababu hana hakika mwanafunzi amepitia wapi, maana sehemu ya kozi tangulizi imeandikwa “hakuna”, na sote tunajua kwamba huandikwa hivyo ili wanafunzi wasipungue.

Kuna pia suala la vitenzi. Tangu mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walipoyagawa malengo ya ujifunzaji katika ngazi sita, kuanzia kujua hadi kutathmini, mwaka 1956, waandishi wa mitaala wamejifunza kuchagua vitenzi vizito, na fomu zetu zimejaa “changanua” na “tathmini”. Fungua mtihani wa kozi hiyohiyo: “Taja sifa tano”, “Orodhesha hatua”. Mtahini wa nje angeweza kuligundua hilo, lakini yeye huletewa maswali na majibu bila fomu tuliyoipitisha.

Kuhusu mzigo wa masomo nitasema machache. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, zikiwemo saa za kusoma peke yake. Sisi huhesabu saa za mhadhara tu, ndiyo maana kuongeza kozi bila kupunguza nyingine huonekana hakuna gharama.

Ninaomba uagize kwamba fomu yoyote ya kozi mpya iambatane na ramani ya shahada nzima, ukurasa mmoja unaoonyesha kinachotangulia na kinachofuata, pamoja na mfano wa mtihani. Na kwamba mratibu wa kila programu apunguziwe vipindi ili aweze kuisimamia ramani hiyo, akiwa na mamlaka ya kukataa. Idara zitapinga, kwa kuwa idadi ya kozi ndiyo hoja yao ya kuombea nafasi za ajira, na hofu hiyo inahitaji jibu lako kabla ya agizo lenyewe.

Kikao kijacho cha kamati kina fomu saba mezani, zote bila ramani. Naomba zirudishwe idarani. Mojawapo ni yangu.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa Kamati ya Mitaala